Somo: Kuinua mtungi kwa mkono, kwa njia ya Ladi Kwali

Wengi mnaoniandikia huanza na gurudumu: linauzwa wapi, bei gani, la mguu au la umeme. Somo la leo halina gurudumu. Mtungi mkubwa wa maji unainuliwa kwa mikono miwili, kigae, gunzi la mahindi na kipande cha kibuyu, na aliyeionyesha dunia jambo hilo ni mama wa kijijini kutoka Nigeria, Ladi Kwali.

Alizaliwa miaka ya 1920 katika kijiji cha Kwali, kwa watu wanaoitwa Wagbari au Wagwari, na ufinyanzi aliupata nyumbani kwa wanawake wa ukoo wake. Mitungi yake ilisifika hadi ikawekwa katika jumba la Emiri wa Abuja. Huko ndiko Michael Cardew, mfinyanzi Mwingereza aliyeajiriwa na serikali ya kikoloni, alikoiona mwaka 1950. (Abuja hiyo ni mji unaoitwa Suleja siku hizi, jina lilihamia mji mkuu mpya.) Cardew akafungua kituo cha mafunzo ya ufinyanzi mjini humo, na mwaka 1954 Ladi akajiunga, mwanamke wa kwanza kati ya wanaume pekee. Alijifunza mambo ya tanuri na mpako wa kioo (ule unaoyeyuka motoni na kukifunika chombo kwa ngozi ya kung'aa), lakini mitungi yake mikubwa aliendelea kuijenga kama walivyoijenga kwao. Watu husema kituo ndicho kilichomfanya msanii. Mimi sikubali. Aliingia pale fundi kamili. Kilichoongezeka ni moto na wateja.

Sasa tukunje mikono.

Hatua ya 1: Udongo

Chimba chini ya tabaka lenye mizizi, kwenye kingo za mto au bonde la mpunga. Lowesha kidogo, songa kipande kiwe na unene wa kidole, kisha kizungushie kidole gumba. Kikipinda bila kukatika, endelea. Kikipasukapasuka, una mchanga mwingi, tafuta kwingine.

Mlioko Pwani ongezeni jaribio la pili. Dondoshea udongo mkavu siki au maji ya ndimu. Ukitoa povu, una chokaa ndani, na hiyo ni hatari inayojificha: moto huigeuza kuwa chokaa kali, nayo hunywa unyevu wa hewani, ikavimba na kubandua vipande vya ukuta siku kadhaa baada ya chungu kutoka motoni kizima kabisa. Mteja ameshakinunua, yuko nacho kwake.

Udongo uliofaulu ukaushe, uponde, uuloweke, uuchuje kwa chekeche au kipande cha chandarua, kisha uache ukae uliofunikwa. Kadiri unavyokaa ndivyo unavyolainika na kutii mkono. Kabla ya kukanda, changanya vigae vilivyopondwa vikawa kama mchanga mnene: kikombe kimoja kwa vikombe vinne vya udongo ni mwanzo mzuri. Vigae hivyo vimeshachomwa, havisinyai tena, kwa hiyo hupunguza kusinyaa kwa mtungi mzima na kuufungulia mvuke njia ya kutokea. Ndiyo maana kwa mfinyanzi chungu kilichovunjika hakitupwi.

Hatua ya 2: Kukanda

Kanda mpaka ukikata bonge kwa uzi, pande zote mbili ziwe na rangi moja na ugumu mmoja. Hapa hapana mengi.

Hatua ya 3: Kitako

Chukua bonge lenye ukubwa wa vichwa viwili vya nazi, liweke ndani ya kitako cha chungu cha zamani kilichonyunyiziwa majivu ili lisinate, kisha piga ngumi katikati. Panua tundu kwa ngumi huku mkono wa pili ukizuia nje, mpaka upate bakuli nene. Usikimbilie kupunguza unene. Udongo ulioachwa chini utauvuta juu baadaye.

Hatua ya 4: Kuta

Hapa ndipo mtungi unapopatikana au kupotea, kwa hiyo tutakaa.

Songa kamba ya udongo nene kuliko kidole gumba. Ishike kwa mkono mmoja, ilaze upande wa ndani wa ukingo, si juu yake, huku kidole gumba kikiibonyeza na kuishusha iungane na ukuta. Ukimaliza mzunguko, upande wa nje uvute udongo kutoka chini kwenda juu kwa vidole. Ndani unashuka, nje unapanda, na kiungo kinafungwa kutoka pande mbili. Kamba iliyotuliwa tu juu ya ukingo itaachia wakati wa kukauka, na ufa utakuwa wa mviringo kama mkanda.

Ladi hakuuzungusha mtungi. Uliwekwa juu ya kiinuo, naye akauzunguka kwa miguu, akirudi kinyumenyume, mkono mmoja ndani na mwingine nje. Jaribu hivyo hivyo. Mwenye kukaa huuona mtungi upande mmoja tu, na upande wa pili humsaliti.

Kamba mbili tatu zikishapanda, pumzisha. Ukuta uwe umeshupaa kidogo kabla ya kubeba uzito mwingine, ila ukingo uufunike kwa kitambaa kibichi, maana udongo mbichi haushiki udongo mkavu. Wenye haraka mitungi yao hukaa chini kama mtu aliyechoka, na ikishakaa hainyanyuki.

Tumbo la mtungi halitokani na kamba ndefu zaidi. Jenga kuta zilizosimama wima, kisha zisukume kwa ndani kwa kipande cha kibuyu kilichopinda, huku nje unapitisha gunzi. Gunzi hupunguza unene na hukwaruza mahali palipovimba. Gonga kwa kucha ukisikiliza: penye unene sauti ni nzito. Shingo huja mwisho, kwa kamba fupi kuliko mzunguko ulio nao, na mdomo unalainishwa kwa kipande cha ngozi kilicholowa ukizunguka kwa mwendo mmoja usiokatika.

Hatua ya 5: Mapambo

Subiri mtungi uwe haunati mkononi lakini kucha ikiacha alama. Ladi alichora mijusi, nge, mamba, vinyonga, nyoka na ndege, akiwapanga katika mikanda ya mistari, na mistari mingine aliipata kwa kuviringisha kijiti kilichochongwa meno. Kule kituoni vyombo vilichovywa katika uji wa udongo mwekundu au mweupe, na michoro ikakwaruzwa kwa mwiba wa nungunungu ili rangi ya chini itokeze.

Ombi langu moja: usimnakili nge wake. Tazama vyungu vya kwenu kwanza. Walioko Kyela waende Matema wakaone vyombo vya akina mama Wakisi wa Ikombe, kando ya Ziwa Nyasa, kabla ya kutafuta nakshi kwenye simu.

Maliza kwa kusugua kwa jiwe la mtoni hadi ngozi ya mtungi ing'ae.

Hatua ya 6: Kukausha

Kivulini, mbali na upepo, mdomo umefunikwa siku za mwanzo. Ukiuweka shavuni na ukahisi baridi, bado una maji.

Hatua ya 7: Kuchoma

Siku ya kuchoma, pasha moto vyombo kwanza: washa nyasi kidogo ndani ya mtungi, au uuzungushie makaa kwa mbali, mpaka usiweze kuushika kwa mkono mtupu. Kisha ulaze juu ya kuni, zungushia magome na samadi kavu, funika kwa nyasi nyingi. Moto wa wazi hufika kati ya nyuzi 600 na 900 za Selsiasi. Mahali fulani kati ya 450 na 600, udongo hupoteza maji yaliyofungwa ndani ya chembe zake zenyewe, na kuanzia hapo hata ukiulowesha mwaka mzima haurudi kuwa tope. Choma jioni: gizani utaona chombo kikiwa chekundu kama kaa, na hiyo ndiyo alama kwamba umepita hapo. Kisipofika wekundu, ongeza nyasi.

Kwa Wagbari, mtungi ukiwa bado wa moto hunyunyiziwa maji yaliyolowekwa maganda ya mbegu za dawadawa, mti wa Afrika Magharibi, ukapata rangi ya hudhurungi na ngozi iliyoziba zaidi.

Tanuri la Abuja lilikuwa jambo jingine: lilifika karibu nyuzi 1300, na mitungi ya Ladi ikatoka na mpako wa kioo. Mizuri ajabu, lakini haikuweza tena kupooza maji, kwa sababu haipitishi kitu. Ikawa ya kutazamwa. Ndiyo iliyomfikisha kwenye maonyesho Uingereza na Marekani.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo mwalimu. Niko Kilifi. Vyungu vyangu hupasuka kwa kishindo moto ukianza tu. Nimeambiwa ni mapovu ya hewa.

Marahaba mwanangu. Hewa husingiziwa. Kinachopasua ni maji yaliyobaki ukutani: yakigeuka mvuke hayana pa kutokea. Kausha zaidi, pasha zaidi, ongeza vigae vilivyopondwa. Kama kinapasuka vipande bapa kutoka kitakoni, kitako chako ni kinene mno.

Mwalimu, mtungi wangu unatoa jasho. Nipake rangi ya mafuta ndani? (Morogoro)

Hapana, hata kidogo. Jasho hilo likikauka huondoka na joto, ndiyo sababu maji ya mtungini ni baridi. Chungu cha kupikia ndicho kinachohitaji kuzibwa: mara ya kwanza chemsha humo uji mzito, wanga utaingia kwenye vitundu. Na anayekushauri kupaka unga wa risasi ya betri ili king'ae, mkimbie. Risasi ni sumu, huingia kwenye chakula.

Mwalimu, niko Bukavu, nafundisha vijana. Wanaona kazi ya mkono ni ya wazee, wanataka gurudumu.

Ndugu yangu, waonyeshe kazi za Magdalene Odundo. Kazaliwa Nairobi mwaka 1950, akaenda Uingereza kusoma, na katikati ya miaka ya 1970 akaenda Abuja kujifunza, Ladi Kwali akiwepo. Mpaka leo hujenga kwa mkono na kusugua, na vyombo vyake viko katika makumbusho makubwa ya dunia. Gurudumu lije baadaye, kwa vikombe na sahani zinazotakiwa kufanana.

Je, ni kweli Ladi Kwali hakusoma?

Hakupitia shule rasmi. Chuo Kikuu cha Ahmadu Bello kilimpa udaktari wa heshima mwaka 1977. Alifariki mwaka 1984, na kituo kikapewa jina lake. Ukipata noti ya naira 20 igeuze nyuma, utamkuta na mtungi wake.

Mimi ni mwanaume, kijijini wananicheka.

Waambie wafinyanzi wa Kabaka wa Buganda walikuwa wanaume. Kisha rudi kwenye hatua ya 4, maana picha uliyonitumia inaonyesha kamba zimetuliwa juu ya ukingo.