Kuchoma CD-R: kasi ipi uchague na kwa nini

CD ya muziki ya dukani hugongwa kiwandani, vishimo vyake vya kubeba data vikiwa tayari. CD-R, ile tupu unayoiandikia mwenyewe, haina vishimo. Ina mfereji mmoja mwembamba unaozunguka kutoka ndani kwenda ukingoni, juu yake tabaka la rangi, kisha madini ya kuakisi mwanga, na mwisho vanishi nyembamba. Unapochoma, leza huongeza nguvu na kuiunguza rangi kwa vipande. Penye kuungua, mwanga hurudi hafifu. Pasipoungua hurudi mkali. Draivu husoma data kwa kupima urefu wa vipande hivyo, na kilicho kifupi kabisa hakifiki hata mikroni 1. Leza ikichelewa kuzima kidogo tu, urefu unabadilika na kosa limeingia.

Kwa hiyo kasi si suala la muda peke yake. 1x ni kilobaiti 150 kwa sekunde: CD ya megabaiti 700 huchukua dakika 80. Kwa 8x ni dakika 10. Ila 52x iliyoandikwa kwenye boksi hufikiwa ukingoni tu. Ndani draivu huanza chini ya nusu ya hapo. Kazi nzima huchukua kama dakika 3, huku 24x ikimaliza kwa 4 hivi. Dakika hiyo moja haifai kuhatarisha kazi, kwani kwenye 52x CD huzunguka karibu mara 10,000 kwa dakika, na lebo ya karatasi isiyokaa katikati sawasawa inatosha kuitikisa.

Chagua 16x au 24x. Usikimbilie 1x ukidhani ndiyo salama zaidi: rangi ya CD za sasa imetengenezwa kwa kasi kubwa, na draivu nyingi hazikubali kushuka hivyo.

Kabla ya kuanza, hamishia mafaili kwenye kompyuta yenyewe. Ukichoma moja kwa moja kutoka kwenye flashi, data inaweza kukatika katikati. Draivu za kale ziliharibu CD papo hapo, mpya husimama na kuendelea, lakini usizitegemee. Muziki wa redio ya gari uhesabu kwa dakika, usizidi 80, na uchome diski nzima kwa mkupuo mmoja, chaguo ambalo programu huliandika DAO. Sekunde za mwanzo draivu hukawia: inajaribu nguvu ya leza kwenye sehemu ya ndani iliyotengwa. Usiikatize.

Mwishoni hakikisha programu imeifunga CD (finalize), yaani imekamilisha uandishi wake, la sivyo redio nyingi hazitaisoma, kisha iamuru programu ihakiki mafaili yote.

Watu hulinda upande unaong'aa wakausahau ule wa maandishi, nao ndio dhaifu: chini ya vanishi tu yapo madini, na mkwaruzo wa hapo haurekebishiki. Andika kwa kalamu ya wino wa maji, karibu na tundu la katikati. Usiiache CD kwenye dashibodi; jua huifubaza rangi.