Kabla hujawasha logi: mambo ya kumaliza mapema

Kuandika logi, yaani kumbukumbu za yanayotokea ndani ya programu, kwenye faili ni kazi ya mistari miwili ya msimbo. Kwenye Laravel, mfumo wa kujengea programu za wavuti kwa PHP, hata hiyo miwili huihitaji: mradi ukishasimama, `Log::info()` inafanya kazi papo hapo na faili la `storage/logs/laravel.log` linajitokeza lenyewe. Ndiyo maana wengi wetu hatukai chini kulifikiria jambo hili. Tunaliacha kama lilivyokuja, tunapandisha programu kwenye seva, na siku ya kwanza kulifungua lile faili ni siku mteja anapopiga simu kusema amekatwa hela na tiketi hakuiona.

Siku hiyo mimi nimeipitia. Ilikuwa programu ya kuuzia tiketi za basi, malipo kwa M-Pesa, seva moja ya kukodi ambamo Nginx (mpokeaji wa maombi ya wavuti), PHP na MySQL (hifadhidata) walikuwa wapangaji wa chumba kimoja. Nilichokikuta kwenye faili ni maelfu ya mistari isemayo "imefika hapa" na "imefika hapa 2". Niliiandika mwenyewe nikihangaika na hitilafu nyingine kabisa, na hakuna hata mmoja uliotaja namba ya oda. Tangu hapo kuna mambo ninayoyamaliza kabla programu haijaenda hewani, na mengi hayahusu msimbo. Yanahusu faili lenyewe: liko wapi, mwenyewe ni nani, litakua kiasi gani, na limebeba siri za akina nani.

Lakini kwanza, malalamiko. Kabla ya kuandika mstari wowote wa logi, kaa na yule anayepokea simu za wateja umwulize watu wanalalamikia nini. Majibu yake ndiyo yatakayokuambia logi iandike nini. Kwa upande wa malipo maswali huwa manne: ombi lilitumwa, jibu lilirudi, lilirudi na nini, na tiketi ilitolewa? Ukitumia STK Push ya Safaricom, inayomletea mteja ombi la malipo kwenye simu yake, ukituma ombi unapewa `CheckoutRequestID`. Baadaye jibu linakuja na namba ileile pamoja na `ResultCode`, ambapo 0 maana yake malipo yamekamilika na 1032 ni mteja kaghairi mwenyewe. Basi mistari minne yenye namba hiyo na namba ya oda inamaliza ubishi wote. Mistari mia ya "imefika hapa" haimalizi chochote.

Kila ombi linaloingia lipe kitambulisho chake, na kiandikwe kwenye kila mstari linaouzalisha. Nginx inakutengenezea bure kupitia `$request_id`. Ipitishe kwa PHP, kisha `Log::withContext()` iibebe. Bila hicho, watu kumi wakilipa kwa wakati mmoja mistari yao inachanganyika kama abiria wa stendi usiku wa sikukuu, na hutajua ipi ya nani.

Ngazi za uzito sitazikalia sana. Zipo nane, kutoka `debug` hadi `emergency`, kama zilivyopangwa kwenye RFC 5424, waraka wa kiwango cha ujumbe wa logi. Mimi natumia nne tu: `info` kwa lililotokea kama lilivyotarajiwa, `warning` kwa lisilo la kawaida ambalo programu imelimudu, `error` kwa lililomharibikia mteja, na `critical` kwa lile la kumwamsha mtu usingizini. La muhimu ni kukumbuka kwamba Laravel huja na `LOG_LEVEL=debug` kwenye faili la mipangilio la `.env`. Ukisahau kuibadilisha, seva ya wateja itaropoka kila kitu.

Saa nayo inahitaji uamuzi, na sisi tunaotumia saa za Kiswahili tuna mtego wetu wa ziada. Mteja anapiga simu: "Nililipa saa saba na nusu usiku wa kuamkia Jumamosi." Simu yake inaonyesha 1:30 AM. Laravel isipoguswa hutumia UTC, saa ya kimataifa, iliyo nyuma yetu kwa saa 3, kwa hiyo logi imeandika 22:30. Na kwa kuwa huko bado ni Ijumaa, ukitumia faili jipya kwa kila siku, mstari haumo hata kwenye faili la Jumamosi. Nimeshuhudia mtu akiapa kwamba mteja ni mwongo, kumbe anasoma faili la siku siyo. Ukibaki na UTC, ambayo ndiyo ninayoipendelea, hakikisha kila mstari una alama ya ukanda wa saa mwishoni mwa muda wake, na bandika karatasi ukutani ikibidi. Ukiamua `Africa/Nairobi`, basi Nginx, PHP na seva yenyewe zote zifuate. Kuchanganya ndiko kunakoua.

Sasa faili litakaa wapi? Jibu fupi ni: mahali ambapo kivinjari hakifiki. Kwenye seva ya kukodi ya kawaida Nginx inaelekezwa kwenye folda ya `public` pekee na mambo yanakaa sawa. Balaa liko kwenye zile hosting za bei nafuu za kugawana, ambako mtu anamwaga mradi mzima ndani ya `public_html`. Hapo mtu yeyote akiandika anwani ya tovuti yako na kuongeza `/storage/logs/laravel.log`, anasomewa kila kitu. Jaribu kwako sasa hivi kwa simu. Usipopata kosa la 404 (halipo) au 403 (huruhusiwi), acha kusoma makala hii ukashughulikie hilo.

Mwenyewe wa faili ni suala linalowaumbua hata wazoefu. PHP kwenye Ubuntu kwa kawaida hukimbia kwa jina la `www-data`. Lakini kazi za ratiba, zile za cron, mara nyingi watu wanaziweka chini ya `root`, mtumiaji mkuu wa seva. Ukitumia chaneli (njia ya kuandikia logi) ya `daily`, kila siku faili jipya linazaliwa, na anayeliandika wa kwanza ndiye mwenyewe. Kama saa zako ni za UTC, siku inageuka saa tisa usiku kwa saa zetu, wateja wamelala, cron iko macho. Cron inaandika kwanza, faili linakuwa la `root`, na alfajiri abiria wa kwanza anayetafuta tiketi anakutana na kosa la 500 kwa sababu `www-data` hawezi kuandika. Yaani programu nzima haina tatizo lolote, ila imeshindwa kuandika kwamba haina tatizo. Dawa si `chmod 777`, ya kumpa kila mtu ruhusa zote, tafadhali. Dawa ni kuiendesha cron kwa `crontab -u www-data -e`, na kukatazana kabisa kuendesha `php artisan` ukiwa `root`.

Tufike kwenye uzito, maana hapa ndipo nilipolipia ada. Piga hesabu kabla, hata ya kwenye bahasha. Mstari mmoja wa kawaida una kama baiti 200. Ombi moja likizalisha mistari 20, na ukapata maombi 100,000 kwa siku, hiyo ni megabaiti 400 kila siku. Ukiwa na gigabaiti 10 zilizobaki kwenye diski, una siku 25. Hiyo ni hali ya amani. Sasa chukua hali ya vita: foleni ya kazi za nyuma ya pazia imekwama kwenye kosa moja na inajaribu tena na tena, mara 50 kwa sekunde, na kila kosa linamwaga mlolongo wa maelezo yake wa kilobaiti 8. Hizo ni kilobaiti 400 kwa sekunde, karibu gigabaiti moja na nusu kwa saa. Ukilala saa nne usiku, saa kumi na moja alfajiri diski imejaa.

Na diski ikijaa, haifi logi peke yake. MySQL inashindwa kuandika, vikao vya watumiaji vilivyo kwenye mafaili vinapotea, picha hazipakiwi. Ukienda kwenye logi kutafuta sababu, logi haina, kwa sababu nayo ilikosa nafasi ya kuandika. Ndiyo sababu siku hizi, seva ikiruhusu, logi naipa kizigeu (partition) chake cha diski. Ijae yenyewe huko iliko, hifadhidata iendelee kupumua.

Halafu kuna kuzungusha mafaili, yaani kuanza jipya na kufuta ya zamani, na hapa chagua njia moja tu. Ama chaneli ya `daily` ya Laravel, ambayo kwa mpangilio wake wa kawaida hutunza siku 14, ama `logrotate` ya mfumo pamoja na chaneli ya `single`, yenye faili moja tu. Ukiziwasha zote mbili zitagombana, na utapata mafaili yenye majina ya ajabu ambayo hakuna anayeyafuta. Mimi naegemea `logrotate` kwa sababu inabana mafaili ya zamani, na maandishi ya logi yakibanwa hunywea vizuri sana. Ila usidanganyike na `maxsize`: kwenye Ubuntu `logrotate` huamka mara moja kwa siku, kwa hiyo ukisema faili lisizidi megabaiti 100, kikomo hicho kitaangaliwa ikiamka tu. Katikati ya siku faili linaweza kufika gigabaiti 9 na hakuna wa kulikemea. Ukitaka ukali zaidi, iite kila saa.

Jambo jingine linalowachanganya watu: diski imejaa, unafuta faili kubwa la Nginx kwa `rm`, unaangalia tena, diski bado imejaa. `du`, inayojumlisha mafaili, inasema nafasi ipo; `df`, inayoangalia diski yenyewe, inasema haipo. Nginx bado imelishikilia lile faili lililofutwa na inaendelea kuliandikia, na nafasi haitarudi mpaka iliachie. `lsof +L1` itakuonyesha mkosaji. Badala ya kulifuta, litoe yaliyomo kwa `truncate -s 0`, au ukishafuta itumie Nginx ishara ya `USR1` ifungue faili upya. Wafanyakazi wa foleni wanaokaa hai muda mrefu nao wapige `php artisan queue:restart` kila baada ya mzunguko, kwa usalama.

Kisha siri. Mwezi Mei 2018 Twitter iliwaomba watumiaji wake wote, zaidi ya milioni 330, wafikirie kubadilisha nywila, kwa sababu hitilafu ilikuwa ikiziandika nywila zikiwa wazi kwenye logi ya ndani kabla hazijafichwa. Mwaka uliofuata Facebook nayo ikakiri kosa la aina hiyohiyo. Hao wana majeshi ya wahandisi. Sisi tuna `Log::info('jibu', $request->all())`, mstari ambao nina hakika upo kwenye mradi wako, kwa sababu upo kwenye mafunzo mengi ya kuunganisha malipo. Mstari huo ukikutana na jibu la M-Pesa unaandika namba ya simu ya mteja, kiasi alicholipa na namba ya risiti. Ukikutana na fomu ya kujisajili, unaandika nywila.

Kwa hiyo taja vitu unavyovitaka, kimoja kimoja, usimwage kapu zima. Namba ya simu ibaki kwenye hifadhidata. Kwenye logi weka namba ya oda, au tarakimu tatu za mwisho za simu kama ni lazima. Mteja akikutajia namba ya risiti, unaitafuta kwenye hifadhidata, unapata oda, na oda ndiyo unayoisaka kwenye logi. Ni hatua moja ya ziada, haiumizi. Angalia pia mlango wa nyuma: kosa la hifadhidata kwenye Laravel huandika swali zima la SQL likiwa na thamani zake ndani, kwa hiyo barua pepe na simu zinaingia kwenye logi bila wewe kuziita. Na kuanzia PHP 8.2 unaweza kukipa kigezo (parameter) alama ya `#[\SensitiveParameter]` ili thamani yake isionekane kwenye mlolongo wa kosa. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019, Tanzania ina ya kwake ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023; faili la logi lenye namba za simu za watu ni data binafsi kama jedwali la wateja lilivyo, hata kama hakuna anayelikumbuka.

Kidogo kuhusu maandishi yanayotoka kwa watumiaji. Mtu akijaza jina lenye alama ya kuanza mstari mpya katikati, anaweza kukutungia mstari wa uongo kwenye logi unaofanana kabisa na wa kweli. Kuandika logi kwa mtindo wa JSON, kwa `JsonFormatter` ya Monolog (maktaba ya logi iliyo ndani ya Laravel), kunaziba tundu hilo, na kunarahisisha kusaka kwa `jq`, chombo cha kuchuja JSON. Faili halitakuwa zuri kulisoma kwa macho. Utazoea.

Yote yakishakaa, jaribu kabla ya wateja. Endesha `logrotate -d` uone ingefanya nini bila kufanya. Sababisha kosa kwa makusudi, kupitia kivinjari, kupitia cron na kupitia foleni, maana hao ni watatu tofauti na kila mmoja anaweza kukwama kivyake. Zuia kuandika kwenye folda ya logi uone programu inafanya nini. Weka onyo la diski ikifika asilimia 80, liende kwenye simu ya mtu mwenye jina, si kwenye kundi la WhatsApp ambalo kila mmoja anadhani mwenzake ameona. Nakala ya logi ipelekwe seva nyingine kila siku, kwa sababu anayeingia kwenye seva yako kwa nia mbaya hufuta nyayo zake kwanza.

Jaribio la mwisho huwa namwachia mwenzangu ambaye hakuandika mradi. Nanunua tiketi moja, naghairi malipo kwenye simu, kisha namwambia tu: "Kuna mteja, jana kama saa mbili kasorobo usiku, tiketi haikutoka." Namwacha na kompyuta yake, naenda kuchemsha chai. Nikirudi na vikombe na hajanitajia 1032, programu haiendi hewani siku hiyo.