Kabla hujachomeka mashine ya karakana, cheki umeme
Anza na kile kibati cha mota, kinaonyesha volti, ampea na kama ni fezi (waya wenye moto) moja au tatu. Kama ni fezi moja na kuna wati tu, gawanya kwa volti upate makadirio ya ampea, yaani wati 2300 kwa volti 230 ni kama ampea 10, ila mota ikianza inaweza kuvuta mara 5 hadi 7 ya hapo kwa muda mfupi ndo maana breka (swichi ya usalama inayokata umeme ukizidi) inajikata, na hapo tafadhali sana usiweke breka ya ampea kubwa kwenye waya uleule, waya utaungua ndani ya ukuta na we huoni! Muulize fundi umeme kuhusu breka aina C au D, zile zinazovumilia huo mvuto wa mota ikianza. Ekstensheni ya kuviringisha ifungue yote, ikibaki imeviringwa inachemka. Ethi, ule waya wa usalama unaoenda ardhini, usiukate wala kuutoa kabisa, uache.