Namna ya kupima athari ya mwani mdogo kwenye kutu ya chuma cha pua katika maji ya bahari

Mwani mdogo usioonekana kwa macho waweza kuharakisha kutu au kuipunguza, na mwanga una kauli kubwa katika hilo. Kwa hiyo jaribio lisilotenganisha mchana na usiku halitakufikisha mbali.

Hatua ya 1. Kata vipande vya chuma cha pua cha kawaida (cha kaboni, si kile kisichoshika kutu) vya milimita 50 kwa 25 kwa 3. Visugue kwa msasa hadi namba 600, vioshe kwa asetoni, vikaushe, kisha vipime kwa mizani inayosoma hadi miligramu 0.1.

Hatua ya 2. Chuja maji ya bahari kwa kichujio cha mikromita 0.22, ongeza kirutubisho cha f/2 (mchanganyiko wa kukuzia mwani wa baharini), kisha andaa makundi matatu ya vyombo vya kioo. La kwanza litiwe mwani hai, mathalani Phaeodactylum tricornutum, lipate mwanga saa 12 na giza saa 12. La pili litiwe mwani uleule na likae gizani muda wote. La tatu lipate mwanga kama la kwanza, lakini bila mwani. Usibadilishe kundi la tatu kwa maji matupu ya bahari, kwani f/2 ina EDTA, kemikali inayozishika ayoni za chuma, na tofauti utakayoiona yaweza kuwa imeletwa na kirutubisho chenyewe.

Hatua ya 3. Ning'iniza vipande kwa uzi wa nailoni bila kugusana. Kila siku pima pH na oksijeni mara mbili: kabla ya kuwasha taa na kabla ya kuzizima. Kwenye mwanga, usanisinuru hula kabonidayoksaidi na kutoa oksijeni, hivyo pH hupanda kutoka takriban 8. Gizani mambo hugeuka. Oksijeni nyingi hulisha kutu, ilhali pH kubwa huweza kugandisha chokaa juu ya chuma na kukikinga. Utando wa mwani na bakteria ukishika kwa mabaka juu ya chuma, sehemu iliyokosa oksijeni chini yake ndiyo inayolika.

Hatua ya 4. Baada ya siku 30, piga picha utando kabla ya kuugusa, kisha ondoa kutu kwa dakika 10 katika mchanganyiko wa asidi hidrokloriki mililita 500, heksamini gramu 3.5 na maji ya kutimiza lita 1. Vaa glavu na miwani, na fanyia kazi penye hewa: harufu ya yai viza ni dalili ya salfaidi ya bakteria, na gesi hiyo ni sumu. Safisha pia kipande ambacho hakikuzamishwa, ili ujue uzito unaoliwa na asidi yenyewe na kuutoa kwenye hesabu.

Hatua ya 5. Zidisha miligramu zilizopotea kwa 87.6, kisha gawanya kwa zao la 7.85 (gramu za chuma hiki katika sentimita moja ya ujazo), eneo kwa sentimita za mraba na saa za kuzama. Kipande chetu kina sentimita za mraba 29.5, kikipoteza miligramu 250 kwa saa 720, jibu ni milimita 0.13 kwa mwaka.

Wastani huo hauonyeshi vishimo. Vipime kina kwa hadubini, ukiteremsha fokasi kutoka ukingoni hadi chini, na uandike kile chenye kina kuliko vyote katika kila kipande.