Somo: Mbwa anafukua, anabweka, anatafuna ndara? Mpe kazi ya akili

Wiki hii nimeulizwa swali hili mara nne, mbili na mtu yule yule. Naliandika hapa mara moja; atakayeniuliza tena namleta huku.

Bosi ni koko niliyemwokota karibu na soko la samaki hapa Malindi. Kazi yake ni kulinda kuku na mihogo, na mihogo ndiyo aliyokuwa akiifukua. Nilimwona mkorofi, kumbe hana la kufanya.

1. Asubuhi bakuli liweke kando. Sima na dagaa zake zimwage kwenye majani, atafute kwa pua.

2. Vifuu vitatu vya nazi, dagaa chini ya kimoja, yeye akiona. Akishaelewa, vihamishe hamishe. Kingo zipige msasa kwanza.

3. Matembezi ya kunusa. Alfajiri, kabla mchanga haujashika moto. Kamba ndefu, yeye aongoze. Akiganda kwenye nguzo moja ya stima, msubiri. Pua yake ina chembe za kunusia zaidi ya milioni 100, yetu milioni tano au sita. Wewe waona nguzo, yeye anapata habari za mtaa mzima.

4. Leso, yaani kanga. Hapa ndipo nilipoharibu, someni polepole. Nilichukua leso niliyodhani kuukuu, nikafungia dagaa kwa mafundo matano, nikayakaza kama nafunga mzigo wa jahazi. Nikamwachia, nikaenda zangu. Kurudi, leso haina pembe moja. Siku mbili Bosi hakula, tumbo gumu. Siku ya tatu akatapika kitambaa cha upana wa kiganja, na nusu ya jina la leso bado inasomeka. Mke wangu aliijua leso yake kwa jina hilo, na mengine siyasemi.

Kwa hivyo: usifunge fundo. Zungusha leso kama mkeka, dagaa ndani, aifunue kwa pua. Fundo gumu humkasirisha, naye hutafuna. Kaa hapo hapo, akimaliza ichukue. Akimeza kitambaa, nenda kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, usingoje kama mimi. Bosi alipona kwa bahati tu. Na ukiona uzi unaning'inia nyuma yake USIUVUTE. Huenda umenasa ndani, utamkata matumbo.

5. Barafu. Supu ya vichwa vya samaki iliyochujwa miiba, bila chumvi wala kitunguu, igandishe kwenye kopo. Kitunguu huharibu damu ya mbwa. Mpe saa nane mchana, Kaskazi inapokwisha na upepo umekufa.

Robo saa kwa siku yatosha.

MASWALI

— Wangu anabweka usiku kucha, nifanyeje?
Mchana yuko wapi?
— Kwenye mnyororo, apumzike.
Basi umejijibu. Amelala kutwa, usiku afanye nini? Namba 3.

— Leso sina, mfuko wa plastiki wafaa?
Hapana. Rudia namba 4. Na mifuko hiyo ilipigwa marufuku 2017, wewe waitoa wapi?

— Haya si mambo ya mbwa wa Wazungu kule Casuarina?
Bosi ni koko wa sokoni, bwana. Mzungu yuko wapi hapo?

— Samahani kaka, wangu ni mzee na macho yameshaenda. Kuna wa kumfaa?
Dada, huyo ndiye wa mchezo huu hasa. Macho yakienda pua hubaki. Anza na kifuu kimoja, mahali pamoja kila siku, ukigonge mara mbili asikie kilipo. Baadaye kisogeze hatua moja, kisha mbili. Vyombo vya nyumbani usivihamishe, ramani yake ni hiyo. Ukiwa na swali jingine niulize wakati wowote.

— Makumbi ya nazi je? Anayapenda kuyararua.
Akiyararua na kuyatema, sawa, ukiwa unamtazama. Akiyameza ni yale yale ya leso.

— Nyongeza kwa wanaopita ufuoni: angalieni samaki bunju waliotupwa na wavuvi. Sumu yake haitoki hata akikauka.
Ahsante sana ami, hilo nililisahau. Ndiyo maana kamba ni lazima, na mfundisheni neno "wacha" kabla ya kwenda pwani. Bosi hulitii akiwa ameshiba tu, kwa hivyo hula kwanza.

— Nimejaribu vifuu leo. Ameondoka na kimoja, amekifukia.
Kwenye mihogo?
— Kwenye mihogo.
Weka vinne.