Malipo na Vibao vya Maegesho Siku ya Mechi Kirumba
Siku ya mechi kubwa katika uwanja wa CCM Kirumba jijini Mwanza, mwenye gari anayetoka upande wa Shinyanga ahimizwe kuegesha Nyegezi na kumalizia safari kwa daladala. Kwa hiyo kibao cha kwanza kisimame Buhongwa, kabla hajanaswa na foleni, kikitaja bei na mahali daladala zinapopakia. Maandishi yawe machache na makubwa.

Malipo ndiyo yenye kazi zaidi. Toza kiasi kimoja cha siku nzima, na namba ya kulipia kwa simu ibandikwe mahali ambapo dereva ataisoma kabla ya kufika getini, kwa kuwa mtandao huelemewa wengi wanapolipa kwa pamoja. Stakabadhi za karatasi ziwepo. Vibao vya kurudi, ambavyo inasikitisha kuona vikisahaulika, viwekewe taa.