Somo: Kuijaribu flashi ya kuwashia kompyuta bila kuzima kompyuta yako

Tangu msimu wa korosho uanze nimeulizwa jambo hili karibu kila siku hapa dukani Mtwara mjini, na kila mara ninaeleza upya huku mteja akisubiri karatasi zake zichapwe. Nimeamua kuliandika lote mara moja.

Lengo ni kujua kama flashi uliyoiandaa kwa programu ya Rufus au Ventoy inawaka kweli, kabla hujapanda nayo gari kwenda Newala kumtengenezea mtu kompyuta.

Kwanza, sakinisha VirtualBox, programu inayounda mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta yako.

Pili, chomeka flashi.

Tatu, fungua dirisha la amri kama msimamizi, kwa kuwa Windows haimruhusu mtumiaji wa kawaida kuigusa diski moja kwa moja.

Nne, andika diskpart, kisha list disk, utafute namba ya flashi. Hapa ndipo nilipoharibu. Nilizoea kwamba flashi yangu ni namba 1, nikaandika 1 bila kutazama, kumbe diski ya nje ya chama kimoja cha ushirika ilikuwa imechomekwa tangu asubuhi na ndiyo iliyochukua namba hiyo. Mashine pepe ilipokataa kuwaka, niliiwekea faili la kusakinisha Windows na kuiruhusu ifute diski. Kumbukumbu za wakulima za msimu mzima zikaenda, na nilichoweza kurudisha hakikufika nusu. Kwa hiyo chomoa kila diski ya nje. Tazama ukubwa: flashi ya GB 16 huonekana kama GB 14. Namba 0 kwa kawaida ni diski ya kompyuta yenyewe, usiiguse. Ukichomoa flashi na kuirudisha, namba yaweza kubadilika, basi itazame upya.

Tano, toka diskpart kwa kuandika exit, kisha, ukiwa ndani ya folda ya VirtualBox, andika amri hii, inayounda faili la kuielekeza mashine pepe kwenye flashi:

VBoxManage createmedium disk --filename C:\VM\flashi.vmdk --format=VMDK --variant RawDisk --property RawDrive=\\.\PhysicalDrive2

Weka namba yako mahali pa 2. Sita, unda mashine pepe, uipe faili hilo kuwa diski yake, wezesha EFI (njia ya kuwaka ya kompyuta za kisasa), uiwashe. Ukurasa wa kuchagua lugha ukitokea, flashi imefaulu; zima hapo hapo. Kama kompyuta unayoiendea ni ya zamani, rudia bila EFI.

Swali, Masasi: Mkuu, inaniandikia VERR_ACCESS_DENIED.

Jibu: Umeruka hatua ya tatu. VirtualBox yenyewe nayo ifungue kama msimamizi.

Swali, Lindi: Naweza kuweka 0, maana ndiyo inayoonekana kwanza?

Jibu: Hapana. Soma hatua ya nne yote, ndipo uulize.

Swali, Mikindani: Shikamoo kaka. Mimi natumia Ubuntu shuleni, siyo Windows, na ninaogopa kuharibu flashi yenyewe wakati wa kuijaribu. Kuna njia?

Jibu: Marahaba dada, umeuliza jambo la maana sana. Tafuta jina la flashi kwa lsblk, kisha, ikiwa ni sdb, andika amri hii ya QEMU, programu nyingine ya mashine pepe:

sudo qemu-system-x86_64 -enable-kvm -m 2048 -snapshot -drive file=/dev/sdb,format=raw

Neno -snapshot hufanya kila kinachoandikwa kiende kwenye faili la muda, na flashi ikabaki ilivyokuwa.

Swali, Mikindani: Ahsante, imewaka. Ila ya mwenzangu inakwama katikati ya kusakinisha.

Jibu: Huenda faili la ISO, lile la kusakinishia alilowekea flashi, lilipakuliwa nusunusu. Mwambie aandike sha256sum na jina la faili, alinganishe namba ndefu itakayotoka na ile iliyo kwenye tovuti alikolipakua. Kwenye Windows ni certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256. Zikitofautiana hata herufi moja, alipakue upya.